Koati Si Nguchiro: Historia ya Mnyama Aliyeandikwa na Wapita Njia

Mwaka 1826, mwanamfalme mmoja Mjerumani, Maximilian wa Wied, alichapisha maelezo ya wanyama aliowaona nchini Brazil. Alikuwa amezunguka misitu ya pwani ya nchi hiyo kuanzia 1815 hadi 1817, na bunduki yake na daftari lake. Miongoni mwa wanyama aliowaandika walikuwamo koati wa aina mbili. Mmoja alimpa jina la Kilatini lenye maana ya mwenye kupenda wenzake, kwa sababu koati hao walitembea makundi makundi. Wa pili alimwita mpweke, kwa sababu alionekana peke yake. Majina mawili, spishi mbili.

Kumbe alikuwa mnyama mmoja. Wale wa kundi walikuwa majike na watoto wao. Yule mpweke alikuwa dume, baba wa watoto hao hao. Mwanamfalme alikuwa ameigawa familia moja kuwa mataifa mawili.

Nimekuwa nikisoma habari za mnyama huyu kwa muda sasa, na kila ninapogeuza ukurasa nakutana na hadithi ya namna hiyo. Kuna mtu anapita, anatazama kidogo, anaandika, kisha alichoandika kinabaki. Kuna mwingine aliyeishi na mnyama huyo miaka nenda rudi, anamjua kama anavyomjua mbuzi wake, lakini hakuandika, au alichoandika kilichomwa moto. Ndiyo maana nimeona niilete historia hii kwenye ukumbi wa wapenda vitabu. Inahusu mkia na pua, ndiyo, lakini inahusu pia nani hushika kalamu.

Kwanza tumjue mwenyewe. Koati ni mnyama wa bara la Amerika, ndugu wa rakuni. Ukubwa wake ni kama paka mkubwa au mbwa mdogo, na uzito wake ni kuanzia kilo 2 hadi 8 hivi, madume wakiwa wazito kuliko majike. Pua yake ndefu inapindika huku na huku kama kidole, na kwa pua hiyo huchokora majani makavu akitafuta wadudu, buibui, konokono na vijusi, mbali na matunda anayoyapenda sana. Mkia una pete pete, na kundi linapotembea nyasini mikia husimama juu kama bendera za msafara. Vifundo vya miguu yake ya nyuma vinageuka, hivyo anaweza kushuka mtini kichwa kikiwa chini. Hutafuta chakula mchana na kulala juu ya miti usiku. Koati mwenye pua nyeupe anapatikana kuanzia kusini magharibi mwa Marekani, Arizona na New Mexico, kupitia Mexico na Amerika ya Kati. Mwenzake wa Amerika ya Kusini anafika hadi kaskazini mwa Argentina. Wapo pia koati wadogo wa milima ya Andes.

Mswahili akimwona atasema nguchiro. Nami nakiri kishawishi kipo: ana pua ya kuchokora kama nguchiro, na wapo nguchiro wetu wenye milia wanaotembea kwa makundi, wakichimba na kuitana njia nzima kama koati. Ingekuwa rahisi kuandika “nguchiro wa Amerika” tukamaliza kazi. Naomba msomaji aniwekee neno hilo pembeni, nitalirudia.

Mtawa aliyechoma vitabu

Maelezo ya zamani yaliyonishika zaidi hayakuandikwa na mtaalamu wa wanyama. Yaliandikwa na mtawa wa Kifransisko, Diego de Landa, aliyefika Yucatán, nchi ya Wamaya, mwaka 1549.

Wapenda vitabu wengi wanamjua Landa kwa jambo moja, nalo si zuri. Mwezi wa Julai 1562, katika mji wa Maní, alisimamia mahakama ya dini iliyowatesa Wamaya walioshukiwa kurudia miungu yao, na katika moto uliowashwa hapo viliteketea vitabu vya Kimaya, vilivyoandikwa kwa mkono katika maandishi yao wenyewe. Leo vitabu vya Kimaya vya kale vinavyojulikana duniani kote ni 4 tu. Landa aliitwa Hispania kujibu mashtaka ya kuvuka mipaka ya mamlaka yake. Huko, takriban mwaka 1566, aliandika kitabu kirefu kuhusu Yucatán na watu wake. Baadaye alirudi akiwa askofu.

Sasa tazama mambo ya dunia. Kitabu hicho cha mtu aliyechoma vitabu ndicho kimekuwa mlango wa kuwajua wale waliochomewa. Nakala asili imepotea. Kilichobaki ni nakala iliyofupishwa, iliyokutwa kwenye maktaba moja ya Madrid na padri Mfaransa Brasseur de Bourbourg na kuchapishwa mwaka 1864. Ndani yake mna orodha ya alama alizodhani ni alfabeti ya Kimaya, orodha iliyomsaidia Mrusi Yuri Knorozov katika miaka ya 1950 kuanza kuyasoma maandishi ya Kimaya. Na ndani yake mna koati.

Landa anamwita kwa jina la wenyeji, chic. Leo Wamaya wa Yucatán huandika chi'ik. Anasema ni mnyama mdogo, mtundu ajabu, mkubwa kama kijibwa, mwenye pua ya mwananguruwe. Anasema wanawake wa Kihindi, kama Wahispania walivyowaita wenyeji, huwafuga, na humo nyumbani hakuna kitu ambacho mnyama huyo hatakichokora na kukipindua. Anashangaa jinsi anavyopenda kucheza na wanawake hao, kuwachambua chawa na kuwakimbilia wao daima, ilhali mwanamume hataki hata kumwona. Kisha anaongeza kwamba wako wengi, hutembea kwa safu, mmoja nyuma ya mwingine, pua ya huyu kwenye mkia wa yule, na shamba la mahindi wakiliingia wanaliharibu vibaya.

Aya moja tu. Lakini hebu tuipime. Nyumba iliyopinduliwa, shamba lililoliwa, mchezo wa kuchambuana chawa: haya si mambo ya kuyaona ukiwa juu ya farasi. Ni mambo ya uani na ya shambani. Ama Landa alikaa uani akatazama, ama kuna mtu wa uani aliyemsimulia. Kwa vyovyote vile, elimu iliyomo katika aya hiyo ni ya wanawake waliowalea koati hao, wakawalisha, wakawafukuza kwenye vyungu na kucheka nao. Hakuna hata mmoja aliyetajwa jina.

Na hilo la kuchukia wanaume? Msomaji wa mjini anaweza kudhani ni porojo za mtawa. Mimi sikushangaa. Bibi yangu alilima mahindi ukingoni mwa msitu, upande wa Tanga, na sisi wajukuu tukienda likizo kazi yetu ilikuwa kuamia, yaani kukaa shambani na kufukuza walaji. Ndege tuliwaweza. Nyani walitupuuza, na bibi naye walimpuuza. Akipiga makelele wanamwangalia tu, wanaendelea kumenya hindi. Babu akijitokeza tu, hata hajafungua mdomo, kundi lote linatimka. Basi bibi akawa anavaa koti kuukuu la babu na kofia yake, anashika na rungu, anakwenda kusimama katikati ya shamba. “Hawaogopi mtu,” alikuwa akisema, “wanaogopa koti.” Nyani walikwisha kujifunza ni nani mwenye mkuki na mshale.

Nadhani koati wa Yucatán nao walikuwa na hesabu kama hiyo. Mwanamke ndiye aliyewalea, na mwindaji kwa kawaida alikuwa mwanamume. Mnyama hakuhitaji kitabu kulijua hilo.

Urafiki huo na utundu huo havikuishia kwa Landa. Katika baadhi ya vijiji vya Kimaya vya Yucatán, mpaka karne ya 20, sherehe za kijiji zilikuwa na mchekeshaji aliyeitwa kwa jina hilo hilo la koati, akipanda mti uliosimikwa uwanjani na kufanya vituko vya mnyama huyo mbele ya watu. Waliochomewa vitabu walimhifadhi mnyama wao kwa mchezo.

Jina linavyosafiri

Tuondoke Yucatán twende kusini, Brazil ya karne ya 17. Waholanzi walikuwa wameteka sehemu ya kaskazini mashariki, na gavana wao, Johan Maurits wa Nassau, aliwaleta wataalamu na wachoraji. Mmoja wao alikuwa kijana Mjerumani, Georg Marcgrave, aliyefika mwaka 1638. Marcgrave aliandika kila alichokutana nacho: nyota, samaki, mimea, wanyama. Aliandika kwa maandishi ya siri ili mtu asimwibie kazi yake. Kutoka Brazil akapelekwa Luanda, Angola, na huko akafariki takriban mwaka 1644, hajaona hata ukurasa mmoja uliochapwa. Mhariri wake, Johannes de Laet, alikaa akayafumbua maandishi yale, na mwaka 1648 kikatoka kitabu kikubwa cha viumbe vya Brazil, ambacho kwa zaidi ya miaka 100 kilikuwa tegemeo la Ulaya nzima katika mambo hayo.

Wasomi wa Ulaya walimjua koati kwa njia hiyo: kwa jina lake la Kitupi, lugha ya wenyeji wa pwani ya Brazil, lililoandikwa na Mjerumani, likafumbuliwa na mhariri huko Uholanzi. Pamoja na koati likaja jina la pili, koatimundi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba neno hilo katika lugha za wenyeji lilimaanisha koati anayetembea peke yake. Kama ndivyo, litazame vizuri. Jina hilo linasema huyu ni koati. Linaongeza tu hali yake. Ni kama sisi tunavyosema mtu mseja: bado ni mtu. Hatujasema ni kiumbe kingine.

Huko Ulaya neno lilianza maisha mapya. Mtu ambaye hajui lugha akipewa maneno mawili hutafuta vitu viwili. Mpaka leo watu wengi wanaozungumza Kiingereza huwaita koati wote koatimundi, hata wakiwa kundi la 20. Ni kama mgeni aje harusini, aite ukumbi mzima waseja.

Mwaka 1766, Linnaeus, yule Mswidi aliyejipa kazi ya kuvipanga viumbe vyote vya dunia, alimwingiza koati kwenye daftari lake kuu. Alimweka wapi? Katika jenasi ya Viverra. Humo tayari alikuwa amewaweka ngawa wa Asia, kanu, na nguchiro wa Misri. Kwa hiyo Linnaeus alimfanyia koati kile kile ambacho Mswahili angemfanyia: alitazama umbo, akakumbuka mnyama aliyemjua, akasema, huyu ni wa kwao. Mwaka 1780 Mjerumani mwingine, Storr, alimtoa humo akampa jenasi yake, Nasua, kutokana na neno la Kilatini la pua. Walau pua ni yake mwenyewe.

Wahispania wa Mexico nao walifanya mambo yao. Huko wengi humwita tejón, jina la mnyama wa Ulaya anayechimba mashimo, ambaye si ndugu yake wa karibu. Amerika ya Kati wamebaki na pizote, neno lenye asili ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Brazil ni quati, Argentina coatí. Ukiiweka ramani mezani unaweza kuona ni wapi mgeni alisikiliza na ni wapi alitazama tu akajibandikia jina la kwao.

Kisiwa kilichotengenezwa na mfereji

Turudi kwa mpweke wa mwanamfalme. Kwa nini kosa lile lilidumu? Naona sababu ni ya kawaida kabisa. Msafiri hukutana na koati kwa dakika chache. Kundi likishtuka hutawanyika mitini kwa kelele. Dume naye hukutwa peke yake, mkubwa zaidi, kimya zaidi. Ukimpiga risasi unapata ngozi na fuvu, na ngozi haisemi jana ililala na nani. Ili ujue kwamba mpweke na kundi ni jamaa moja, lazima ukae. Si siku moja, wala mwezi mmoja. Lazima ukae mwaka mzima uzunguke, kwa sababu siri yao inafunuka kwa wiki chache tu za mwaka.

Mahali pa kukaa palipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Wamarekani walipokuwa wakichimba Mfereji wa Panama waliuzuia mto Chagres kwa bwawa la Gatún. Maji yakapanda, bonde likawa ziwa, vijiji vya kando ya mto vikazama na watu wake wakahamishwa. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1914. Kilima kimoja kilibaki juu ya maji, kikawa kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba 15 hivi: Barro Colorado. Mwaka 1923 kikatengwa kwa ajili ya utafiti, na tangu 1946 kiko chini ya taasisi ya Smithsonian. Napenda watu wakumbuke pande zote mbili za habari hiyo. Kisiwa hicho kimetupa elimu nyingi kuhusu misitu ya joto kuliko sehemu nyingi duniani, na kimesimama juu ya maji yaliyofunika nyumba za watu.

Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliweka kamera msituni humo, ambazo mnyama mwenyewe alizifyatua alipopita. Picha hizo zilichapishwa mwaka 1927, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wanyama wa msitu ule wakiwa katika hali yao, bila bunduki mbele yao. Lakini picha moja ni kama mpita njia: inaona dakika moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaja John Kaufmann. Yeye aliamua kufanya jambo linaloonekana la kijinga: kutembea nyuma ya koati. Asubuhi wakishuka mitini, yuko nyuma yao. Wakichokora majani, yuko hapo. Mwanzoni walimkimbia, kisha wakamzoea, mwishowe wakamchukulia kama kisiki kinachotembea. Akawajua mmoja mmoja. Kazi yake ikatoka mwaka 1962, na tangu hapo suala la spishi mbili likafungwa kabisa.

Alichokieleza ni hiki. Kundi ni la majike na watoto, wakiwemo madume wadogo. Dume akikaribia kukomaa, akiwa na umri wa miaka 2 hivi, huanza kuachwa pembeni, hatimaye hutoka. Kuanzia hapo maisha yake ni ya peke yake: anachokora peke yake, analala peke yake, akilikaribia kundi majike hujikusanya na kumfukuza. Lakini mwanzoni mwa mwaka, matunda yakiwa yanaelekea kuiva, hali hubadilika. Dume mmoja huanza kujisogeza. Haji kwa ubabe. Anakuja kwa unyenyekevu, anajiinamisha, anachambua manyoya ya majike, anavumilia kukemewa. Akikubaliwa anakaa nao kwa muda wa kujamiiana, basi. Kisha wanamfukuza tena.

Majike wenye mimba nao huondoka kwenye kundi, kila mmoja kivyake. Baada ya wiki 10 hadi 11 jike huzaa juu ya mti, kwenye kiota alichokijenga mwenyewe, na kwa wiki kadhaa naye ni mpweke. Watoto wakiweza kutembea anawashusha, anarudi kundini, na jamaa nzima inajumuika upya. Na kwa nini dume afukuzwe? Sababu mojawapo inaeleweka: yamerekodiwa matukio ya madume kuua watoto. Majike wanajua wanachokilinda.

Kwa hiyo upweke si kabila. Ni kipindi cha maisha, na kila koati, dume kwa jike, anaupitia kwa namna yake. Mwanamfalme aliona kipindi akakiita spishi. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupita katika kijiji chetu mchana, akakuta wazee na watoto tu, akaandika kwamba hiki ni kijiji kisicho na vijana. Lakini nimesoma vitabu vya safari vya karne ya 19 kuhusu pwani yetu, na nadhani msomaji anaelewa ninachokisema.

Mgeni aliyebebwa

Watu hawakuishia kumwandika koati. Walimbeba pia.

Kando ya Yucatán kipo kisiwa cha Cozumel, na huko wako koati wadogo kuliko wa bara, ambao mwaka 1901 walipewa jina lao la kisayansi. Wapo wataalamu wanaodhani Wamaya wa kale ndio waliowavusha bahari. Nikisoma hivyo huwakumbuka wale wanawake wa Landa, kwani mtu anayehama hubeba anachokipenda. Leo koati hao wa Cozumel ni wachache mno na wako katika hatari ya kutoweka.

Upande wa pili wa bara, katika bahari ya Pasifiki, Chile ina kisiwa ambacho wapenda fasihi wanakijua hata kama hawakijui. Ndiko alikoishi peke yake baharia Alexander Selkirk kuanzia 1704 hadi 1709, na kisa chake hutajwa daima nyuma ya riwaya ya Robinson Crusoe. Mwaka 1966 serikali ya Chile iliamua kukiita kisiwa kwa jina la mhusika wa riwaya. Kabla ya hapo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watu walikuwa wamekwisha kupeleka koati huko. Ndege wa kisiwa hicho hawakuwahi kumjua mnyama wa namna ile, na koati akageuka mlaji wa mayai na makinda ya ndege wasiopatikana kwingine. Ulaya nako watu walimfuga kama kipenzi, wengine wakatoroka. Tangu 2016 Umoja wa Ulaya umemweka koati wa Amerika ya Kusini kwenye orodha ya viumbe vamizi.

Vamizi. Neno zito kwa mnyama aliyefika ndani ya kizimba alichofungwa na mtu.

Mwizi wa Iguazú

Leo watu wengi hukutana na koati mahali pamoja: kwenye maporomoko ya Iguazú, mpakani mwa Argentina na Brazil. Jina la mahali ni la Kiguaraní, maana yake maji makubwa. Argentina iliweka hifadhi upande wake mwaka 1934, Brazil 1939, na pande zote mbili ni urithi wa dunia kwa UNESCO, tangu 1984 na 1986.

Mamilioni ya watu wamekwenda kuyatazama maji hayo, na wengi wamerudi na kisa cha koati. Eti alikuja akapanda meza. Eti alifungua mkoba, akachomoa mkate, akakimbia nao mtini. Eti alimparura mtoto. Hifadhi imeweka mabango yenye picha za mikono iliyoumwa, kuwaonya watu wasiwalishe. Onyo hilo si la bure: kucha za kuchimbia na meno ya mla nyama si mchezo, na mnyama wa porini anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Kwa koati mwenyewe, biskuti, soda na chipsi si chakula, na kundi linalozunguka meza linasahau kuchokora majani.

Katika visa hivyo vyote neno linalorudiwa ni moja: mwizi. Hapa ndipo ninapomkumbuka tena mwanamfalme wa 1826. Watalii wanamwona mnyama kwa nusu saa wakampa jina. Hawaulizi huyu mwizi alianza lini, wala ni nani aliyemwita mezani mara ya kwanza. Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Anayelaumiwa katika methali hiyo si mbwa.

Wala hatuna haja ya kwenda Argentina kuliona hilo. Mtu aliyepita kwa basi kwenye barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi ameona nyani wanavyokaa kando ya lami wakisubiri ganda la ndizi lirushwe dirishani. Abiria wanacheka, wanarusha, wanapiga picha. Siku nyani huyo atakapomnyang'anya mtoto andazi, tutamwita jambazi na kuomba askari wa wanyama aje na bunduki. Nyani kama wale walikuwa wakimpuuza bibi yangu, lakini hajawahi hata siku moja kuwaita wezi. Aliwaita walaji. Mwizi hukosa haki ya kuwepo. Mlaji ana njaa, na unajipanga naye. Tofauti ya maneno hayo mawili inaweza kuwa tofauti ya risasi na koti kuukuu.

Kwa hiyo nikirudi kwenye lile neno nililoomba liwekwe pembeni: sitaandika nguchiro wa Amerika. Najua lingemrahisishia msomaji, kama tejón lilivyowarahisishia Wahispania na Viverra ilivyomrahisishia Linnaeus. Nguchiro ni wetu, ana habari zake, na anastahili mtu wa kumfuata nyuma kama Kaufmann. Nimechagua koati, neno la Kitupi lililopita Uholanzi na kukaa vizuri kabisa kwenye ulimi wa Kiswahili, silabi zote zikiishia kwa irabu kana kwamba lilizaliwa Pangani.

Na mtu akitaka kumtafsiri Landa kwa Kiswahili, kazi ambayo ningefurahi kuiona, namwomba aiache chi'ik kama ilivyo katika aya ile. Wanawake waliowalea wanyama hao hawakuachiwa majina yao kwenye kitabu. Neno hilo walilolitumia kuwaita wanyama wao uani ndilo pekee lao lililofika kwenye ukurasa.